Hesabu siku, usihesabu madoa: vimelea vya samaki wa tangini na dawa zake

Mtu ana tangi la kioo sebuleni kwake, Gungu au Mwanga mjini Kigoma, na ndani yake wamo samaki wa mapambo waliotoka hapo chini, Ziwa Tanganyika. Asubuhi moja anaona punje nyeupe kwenye pezi la mmoja wao, kama amenyunyiziwa chumvi. Anauliza, anaambiwa atie chumvi majini. Anatia. Siku ya tatu punje hazionekani, anashukuru Mungu, anabadili maji na kuendelea na shughuli zake. Siku ya nane samaki wote wamejaa punje, na kufikia siku ya kumi na mbili anaopoa mizoga. Hapo lawama zinaanza: chumvi haina kazi, muuzaji kamuuzia samaki wabovu, maji ya ziwa yameharibika, samaki wa Tanganyika hawafugiki.

Chumvi ilikuwa inafanya kazi. Kilichokosewa ni hesabu ya siku, na kosa hilo huua samaki wengi kuliko kukosa dawa.

Tuanze na maneno. Kimelea ni kiumbe kinachoishi juu ya mwili wa kiumbe kingine au ndani yake, na kula humo humo. Kupe ni kimelea, minyoo ya tumboni ni vimelea, kiini cha malaria ni kimelea. Bakteria na ukungu ni mambo mengine, na dawa zake ni nyingine. Tutaona baadaye kwa nini tofauti hiyo ina thamani ya pesa. Ugonjwa wa madoa meupe unaletwa na kimelea chenye seli moja tu, kiitwacho kitaalamu Ichthyophthirius multifiliis. Jina ni refu lakini limebeba habari nzima: maana yake ni chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Si chawa kweli, ila hao watoto wengi ni wa kweli kabisa, na ndio kiini cha makala haya.

Kinapojificha, na kinapopita barabarani

Maisha ya kimelea hiki yana vituo vitatu.

Kituo cha kwanza ni chini ya ngozi ya samaki. Ile punje nyeupe unayoiona haikukaa juu ya ngozi kama vumbi. Aliyewahi kutolewa funza kidoleni ataelewa haraka: unaona kidonge cheupe, lakini mdudu mwenyewe yumo ndani, na ukimwagia maji ya chumvi juu yake humfanyi lolote mpaka pini ije. Kimelea cha madoa kiko hivyo hivyo. Kinajizungusha chini ya ngozi, kinakula seli na majimaji ya samaki, kinanenepa mpaka kukaribia milimita moja, ndipo jicho linakiona. Ngozi ya samaki yenyewe ndiyo paa lake. Chumvi haipenyi humo, wala dawa ya rangi, ile inayobadili rangi ya maji, haipenyi.

Kituo cha pili ni chini ya tangi. Kimelea kikishiba hutoboa ngozi, kikatoka na kuzama. Ndani ya saa chache kinajigandisha kwenye changarawe, jiwe, kombe la konokono, mpira wa filta, hata kwenye uzi wa wavu uliouacha majini. Kinajivika gamba la utelezi, na ndani ya gamba kinaanza kujigawa: kimoja kuwa viwili, viwili kuwa vinne, vinne kuwa vinane, mpaka mamia, na huweza kufika elfu moja. Dawa nyingi hazipenyi gamba hilo pia.

Sasa tazama samaki wako wakati huo. Ni msafi. Doa limeondoka kwa sababu kilichokuwamo kimeshuka kwenda kuzaa, na mfugaji anasema amepona.

Kituo cha tatu ni majini. Gamba linapasuka, watoto wanatoka na kuogelea huku na huku wakitafuta samaki wa kuingia. Watu wa pwani ya ziwa tunafundishwa habari kama hii tangu shule ya msingi, kwa kichocho: vidudu vinatoka kwenye konokono, vinaogelea, vina saa chache tu za kupata ngozi ya mtu, vikikosa vinakufa. Watoto wa kimelea cha madoa nao hufa wasipompata samaki kwa siku moja au mbili kwenye maji ya joto la huku. Hawana ngozi ya kujifichia wala gamba. Ndipo chumvi inapowaua, na ndipo dawa karibu zote za madoa meupe zinapofanyia kazi.

Kwa hiyo dawa ni kizuizi cha barabarani. Haiingii nyumbani mwa mtu, inamkamata anayepita. Ukikiondoa kizuizi siku ya tatu, wale waliokuwa bado ndani watapita siku ya tano bila kuulizwa. Ni jambo lile lile la dawa mseto ya malaria: homa inaweza kushuka siku ya pili, na vidonge vilivyobaki bado vina kazi mwilini.

Chukua hesabu ndogo. Samaki mmoja ana punje kumi. Kila moja ikizaa mia tano, majini kuna elfu tano. Wengi watakosa samaki. Hata akifanikiwa mmoja tu kati ya hamsini, zimekuwa punje mia moja ndani ya wiki isiyotimia, na mzunguko unaofuata ni elfu moja kwenye tangi lile lile lenye samaki wale wale. Ziwani hali haifiki huko kwa urahisi, kwa kuwa maji ni mengi na samaki wametawanyika. Tangi ni chumba kimoja kilichofungwa mlango.

Joto ndilo linalopanga siku

Mzunguko huo hauna urefu mmoja. Kwenye maji ya nyuzi 25 hivi unakamilika kwa siku tano au sita. Nyuzi 28, karibu siku nne. Maji yakishuka kwenye 20, hujivuta hadi wiki moja au siku kumi. Kwa hiyo mtu akikuambia "weka dawa siku tano" bila kuuliza joto la maji yako, hajakusaidia.

Jambo hili lina uzito wa pekee Tabora, ambako usiku wa Juni na Julai baridi huingia kwelikweli, na tangi lisilo na hita hupoa usiku na kupata joto mchana. Kigoma ziwa hutuliza hali ya hewa kidogo, lakini tangi dogo si ziwa. Umeme ukikatika usiku, hita imezima na maji yanashuka nyuzi kadhaa kabla ya alfajiri. Mshuko wa ghafla namna hiyo hudhoofisha kinga ya samaki, na mara nyingi madoa hujitokeza siku chache baadaye. Nunua kipimajoto. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye tangi, na bila hicho huwezi kujua unahesabu mpaka siku ya ngapi.

Kabla ya kutia chochote, hakikisha ni ugonjwa

Kuna samaki wa hapa hapa ambaye amewahi kutiliwa dawa bure na watu wengi: Tropheus duboisi. Akiwa mchanga ana mwili mweusi tii wenye vitone vyeupe vinavyoelekea bluu, mwili mzima. Ni rangi yake ya utotoni. Akikua vitone vinafifia, kichwa kinapata rangi ya bluu, na anabaki na mkanda mmoja mweupe au wa njano mwilini. Wale wa Maswa, kusini mwa mji wa Kigoma, wanapendwa kwa upana wa mkanda huo. Mwangalie kwa karibu, uso ukiwa kiganja kimoja kutoka kwenye kioo, na taa itoke ubavuni. Vitone vya duboisi ni bapa, vimekaa kwa mpangilio, kesho viko palepale. Punje ya ugonjwa imeinuka, ina kivuli chake kidogo, imekaa ovyo, inaingia hata kwenye sehemu angavu ya pezi, na kesho utaikuta imehama au zimeongezeka. Tatizo la pili ni kinyume chake: duboisi mchanga akiugua kweli, madoa ya ugonjwa hujificha ndani ya vitone vyake, na mwenyewe haoni mpaka mambo yameharibika. Kwake angalia sehemu angavu za mapezi na mkia.

Usitegemee madoa peke yake hata kwa samaki wengine. Kimelea hiki hupenda matamvua, yale mashavu mekundu ambayo samaki hupumulia, na huweza kuanzia humo. Samaki anapumua haraka, anakaa karibu na juu au mbele ya bomba la hewa, anajisugua kwenye mawe kama anawashwa, mapezi ameyabana, chakula anakiacha. Hana doa hata moja, na ni mgonjwa. Samaki akifa "bila dalili yoyote" siku mbili kabla wenzake hawajatoka madoa, mara nyingi alikufa kwa matamvua.

Vumbi laini la rangi ya dhahabu linaloonekana ukimulika tochi gizani ni kimelea kingine, kidogo zaidi. Kitu kama pamba kilichoshika jeraha ni ukungu. Uzi mdogo unaoning'inia mwilini, shina lake limezama kwenye nyama, ni kidudu cha nanga. Hicho huonekana kwa macho na kina tiba yake.

Tiba yenyewe: chumvi, joto, hewa, na kunyonya taka

Anza na ujazo wa maji, maana dozi yote inategemea hapo. Zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000, unapata lita. Tangi la urefu wa sentimita 100, upana 40, maji yakifika 45, ni lita 180. Lakini mawe na mchanga vimekula nafasi. Kwenye tangi lililopangwa mawe kama wanavyopenda samaki wa ziwa letu, huenda kuna lita 150 tu za maji. Njia ya uhakika ni kuhesabu ndoo siku unapolijaza na kuandika jibu kwa peni kwenye kona ya kioo.

Chumvi ni gramu 3 kwa kila lita. Lita 150 ni gramu 450. Ipime kwenye mizani ya duka, si kwa konzi wala kijiko, kwa kuwa kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havilingani uzito. Watu huuliza sana kama chumvi yenye madini joto inaua samaki. Haiui, madini joto yaliyomo ni kidogo mno. Cha kuepuka ni chumvi ya mezani iliyochanganywa vitu vya kuizuia isigande. Chumvi ya Uvinza, ile inayotokana na maji ya chemchemi za chumvi, inatosha kabisa, na hapa Kigoma hakuna sababu ya kuagiza chumvi maalumu ya samaki kutoka mbali.

Gawa hizo gramu 450 mafungu matatu. Fungu la kwanza liyeyushe kwenye jagi la maji ya tangi mpaka punje ziishe, umimine taratibu pale filta inapotemea maji. Usirushe chumvi kavu ndani. Punje ikimwangukia samaki wa chini inamuunguza. Baada ya saa 12 tia fungu la pili, baada ya saa 12 nyingine la tatu. Kama una gogogo au samaki mwingine asiye na magamba, nenda polepole zaidi, mafungu sita kwa siku tatu. Mimea ya tangini mingi haitapenda; itoe kwanza.

Joto lipandishe nyuzi moja kila baada ya saa nne au tano mpaka 28. Utasikia watu wakishauri 30 au 32, kwa kuwa kwenye joto hilo kimelea hushindwa kuzaa. Kwa samaki wengine wa mapambo hilo linawezekana. Kwa samaki wa Tanganyika siliungi mkono, hasa Tropheus na frontosa: wamezoea maji yenye hewa nyingi, na maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Ukichanganya na matamvua yaliyokwisha kuliwa, unamkaba koo mgonjwa. Nyuzi 28 zinafupisha mzunguko vya kutosha na kuiachia chumvi kazi ya kuua. Pampu ya hewa iwe ya pili juu ya ile iliyopo, mchana na usiku.

Kila siku, au angalau kila siku ya pili, nyonya taka za chini kwa mpira, hasa kwenye changarawe. Hii inachukuliwa kuwa usafi tu, kumbe ni tiba. Yale magamba yanayozaa yako hapo chini, na kila unaloliondoa ni watoto mamia ambao hawatazaliwa. Toa kama moja ya tano ya maji, tuseme lita 30, urudishe mengine yenye joto lile lile.

Hapa watu wengi huteleza. Chumvi haipai na mvuke. Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji matupu bila chumvi. Ukitoa maji kwa mpira, umetoa na chumvi yake, kwa hiyo lita 30 mpya zinahitaji gramu 90. Anayechanganya mambo haya mawili, baada ya wiki ana tangi lenye chumvi mara mbili au lisilo na chumvi kabisa, na hajui ni lipi.

Muda: kwa nyuzi 28, endelea mpaka zitimie siku saba tangu ulipoona punje ya mwisho, na jumla isipungue siku 14. Kwa maji ya nyuzi 22 au 23 ambayo huna hita ya kuyapasha, hesabu wiki nne. Punje zikiongezeka siku ya tatu au ya nne usihamaki wala usibadili dawa: hizo ziliingia kabla hujaanza, zilikuwa ndogo, sasa zimekua.

Amonia, hasa kwa anayetumia maji ya ziwa

Samaki wengi hufa katikati ya tiba, madoa yakipungua, na lawama inaiangukia chumvi. Mara nyingi muuaji ni amonia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichooza hutoa amonia. Kwenye filta iliyokomaa kuna bakteria wema wanaoila. Ukiiosha filta kwa maji ya bomba yenye klorini siku unapoanza tiba, kwa nia njema ya kusafisha kila kitu, umewaua hao bakteria. Dawa kadhaa za rangi nazo huwadhoofisha.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana ubezi mkubwa, yaani kinyume cha uasidi: pH yake, kipimo cha uasidi na ubezi, huwa karibu na 9. Kwa samaki wake ni makwao. Lakini amonia ina sura mbili majini, moja yenye sumu kali na moja isiyo na madhara makubwa, na kinachoamua ni pH. Kwenye maji ya pH 7, sehemu yenye sumu haifiki hata moja kwa mia. Kwenye pH 9 na joto la huku, ni zaidi ya theluthi moja. Uchafu ule ule wa chakula kilichobaki ambao mfugaji wa samaki wa dhahabu asingeuona madhara yake, kwenye tangi la maji ya ziwa unaua usiku mmoja. Kwa hiyo wakati wa tiba lisha mara moja kwa siku, chakula cha kuisha ndani ya dakika mbili, na filta isuuze kwa maji ya tangi tu, ndani ya ndoo. Siku mbili tatu bila kula hazimuui samaki mzima.

Maji yanayotoka ziwani moja kwa moja yakae kwanza kwenye pipa lenye kifuniko siku nne bila samaki. Watoto wa vimelea watakufa kwa kukosa pa kuingia, na vidudu vya kichocho pia vitakuwa vimekufa kabla hujatia mkono. Chuja konokono wasiingie kwenye pipa. Ya bomba yakae siku nzima yakipigwa hewa, klorini itoke.

Asiye na dawa wala hita

Kuna njia ya mabeseni mawili, na ni ya uhakika kama mtu ana subira. Mantiki yake unayo tayari: kimelea kinashuka, kinajigandisha chini, na kwenye maji ya nyuzi 25 kinahitaji karibu siku nzima kabla watoto hawajatoka. Basi mwondoe samaki kabla hawajatoka.

Mweke kwenye beseni la kwanza, maji safi ya joto lile lile, bomba la hewa ndani, wavu juu maana Tropheus huruka. Baada ya saa 12 mhamishie la pili. La kwanza mwaga maji yake bustanini, lisugue kwa maji ya moto, lianike juani mpaka likauke kabisa. Ukavu huua magamba. Saa 12 nyingine zikipita, rudia. Endelea hivyo siku saba. Kila awamu unatupa vimelea vilivyoshuka, na hakuna kinachopata nafasi ya kumrudia. Tangi kubwa liache siku 10 bila samaki hata mmoja, maji yakiwa nyuzi 25 kwenda juu. Wiki mbili kama ni baridi. Njia hii haifai kwa samaki aliyekwisha kulegea, kwani kukamatwa mara mbili kwa siku kutammaliza.

Vidonge vya duka la dawa

Hapa mkanganyiko ni mkubwa, kwa kuwa baadhi ya dawa za binadamu kweli hutibu samaki, ila si ugonjwa huu.

Amoksilini na tetrasaiklini ni za bakteria. Hazigusi madoa meupe. Zinaweza kuua bakteria wa filta, amonia ikapanda, na tena zinasaidia kuzalisha usugu wa dawa. Ziache.

Prazikwanteli, ile ya kichocho, ni dawa nzuri sana ya minyoo bapa ya matamvua na ngozi. Dalili za minyoo hiyo zinafanana na za madoa, samaki kujisugua na kupumua upande mmoja, ila punje hazitokei hata baada ya wiki. Kiasi ni miligramu 2 kwa lita, kwa hiyo kidonge cha miligramu 600 kinatosha lita 300. Kisage unga, ukitikise kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, kwa kuwa hakiyeyuki kwa urahisi. Minyoo mingine hutaga mayai yasiyodhurika, hivyo rudia baada ya wiki moja. Vidonge vya kingatiba vinavyogawiwa shuleni ni vya watoto. Vya samaki nunua.

Metronidazoli, wengi huiita Flajili, ni ya vimelea vya utumboni. Tropheus ndiye mgonjwa wake mkuu. Samaki huyu ziwani anakwangua mwani kwenye mawe siku nzima, utumbo wake ni mrefu na umezoea majani. Akilishwa nyama au dagaa waliosagwa kila siku, au akigombezwa na wenzake mpaka ahofu, vimelea vya tumboni hushamiri: anachukua chakula na kukitema, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, anajitenga pembeni, mwishoni tumbo linafura. Kidonge cha miligramu 200 kwa lita 30, kila siku kwa siku tano, ukibadili theluthi ya maji kabla ya kila dozi. Anza siku anapotema chakula. Tumbo likishafura, wachache ndio hupona.

Ukitumia dawa yoyote ya kidonge au ya rangi, toa mkaa wa kuchujia kwenye filta, utainyonya yote. Na mrututu, ambao wakulima wanao nyumbani, usiutie. Ni kweli shaba iliyomo huua vimelea, ila kati ya dozi inayotibu na inayoua samaki pana nafasi ndogo mno, konokono hawaponi, na kwenye maji yenye ubezi kama ya ziwa letu sehemu ya shaba hujitenga na kutuama chini, usijue iliyobaki ni kiasi gani.

Maswali yanayorudi rudi

Je, kimelea hulala kwenye tangi tupu kwa miezi? Hapana. Bila samaki kinakufa kwa siku chache. Kinachobaki kwa miezi ni samaki aliyepona nusu: amejenga kinga, haonyeshi doa, lakini ana vimelea vichache matamvuani, na siku kinga ikishuka vinaamka. Ndiyo maana watu huapa kwamba ugonjwa "umetokea wenyewe". Umetoka kwa samaki, mmea, au wavu wenye majimaji ulioazimwa kwa jirani.

Unaambukiza watu? Kimelea cha madoa hakimwingii binadamu. Ila samaki aliyeogeshwa dawa asiliwe, na hasa dawa ya kijani iitwayo malakiti, ambayo hairuhusiwi kwa samaki wa chakula katika nchi nyingi. Vaa glavu ukiishika.

Nikiona samaki mmoja tu mwenye doa, nimtoe nimtibu peke yake? Kumtoa si vibaya, lakini watoto wa kimelea wameshatawanyika. Tibu tangi zima.

Siku zikitimia, shusha joto nyuzi moja kwa siku. Chumvi iondoe kwa kubadili moja ya tano ya maji kila siku ya tatu, bila kuongeza nyingine. Baada ya mara sita hivi imebaki kama robo yake. Wavu, mpira na ndoo anika juani siku nzima. Samaki mpya yeyote, hata aliyevuliwa leo Katonga na anayeng'aa, akae beseni la peke yake na wavu wake wa peke yake kwa wiki nne kabla hajaingia na wenzake. Kwa nyuzi 26 huo ni mzunguko wa mara tano wa kimelea, muda wa kutosha kama amekuja nacho kujionyesha nje ya tangi lako.